Charles Plumier, Mtawa Aliyechora Mimea

1. Mmea usio na majani

Mtu akitoka Bukavu kwenda Walikale hupita Hombo, mahali ambapo mto wa jina hilo hutenganisha Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Pande hizi ni nchi ya msitu na mvua. Miti ni mirefu, na juu ya matawi yake huota mimea mingine mingi ambayo haigusi udongo kamwe.

Katika misitu ya namna hii umo mmea mmoja wa ajabu. Hauna majani. Ni nyuzi za kijani tu, nyembamba kama kamba, zinazoning'inia kutoka juu ya tawi kama ndevu za mzee. Wakati wake ukifika huzaa matunda madogo meupe, kama shanga. Wenye elimu huuita Rhipsalis. Unaota katika misitu ya Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania. Watu wengi hupita chini yake wala hawauangalii.

Lakini mmea huo ni kaktusi. Ni ndugu wa mpungate, ule wenye mapande mapana na miiba mikali. Ukoo wa kaktusi una aina zaidi ya elfu moja, na makao yake ya asili ni Amerika. Katika ukoo huo wote ni Rhipsalis peke yake iliyokutwa ikiota yenyewe katika misitu ya Afrika. Ilivukaje bahari? Wengine husema ndege walileta mbegu zake, kwa maana matunda yake yana utomvu unaonata. Wengine husema mabaharia waliileta. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo.

Basi, watu wa Ulaya walianzaje kuzijua kaktusi vizuri? Mmoja wa waliowafundisha alikuwa mtawa wa Kanisa letu, jina lake Charles Plumier. Habari za maisha yake ndizo hizi.

2. Kijana wa Marseille

Charles Plumier alizaliwa mwaka wa 1646 katika mji wa Marseille, bandari kubwa ya kusini mwa Ufaransa. Huko kila siku merikebu zilitoka na kuingia.

Alipokuwa na miaka kumi na sita aliingia utawani. Shirika alilolichagua lilikuwa lile lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Watawa hao huitwa Waminimu, maana yake wadogo kuliko wote. Maisha yao yalikuwa magumu. Waliweka nadhiri ya kushika Kwaresima mwaka mzima: hawakula nyama, wala mayai, wala maziwa. Mtu aliyetaka starehe hakubisha hodi katika nyumba yao.

Wakubwa wake waliona kwamba kijana huyu ana akili na mikono pia. Alijifunza hesabu na elimu ya nguvu za vitu. Alijua kuchora na kupaka rangi. Alijua kutengeneza vyombo vya elimu. Zaidi ya hayo alikuwa fundi wa kerezo, ile mashine ya kuzungusha kipande cha mti au pembe ili patasi ikichonge kiwe cha duara. Baadaye, mwaka wa 1701, alichapisha kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo, chenye picha nyingi. Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, ambaye naye alipenda sana kazi ya kerezo, aliamuru kitabu hicho kitafsiriwe katika lugha ya nchi yake.

Hapo tunaona jambo moja. Plumier hakudharau kazi ya mikono kwa sababu alikuwa msomi. Na mikono yake iliyozoea kerezo ndiyo iliyokuja kushika kalamu ya kuchorea mimea.

Wakubwa wake walimtuma Roma, kwenye nyumba ya Waminimu iliyo juu ya kilima. Huko ndipo alipoanza kupenda elimu ya mimea. Mmoja wa walimu wake alikuwa Paolo Boccone, mtu wa Sisilia, mtaalamu mashuhuri wa mimea. Plumier aliporudi Ufaransa alikaa katika nyumba ya watawa ya Bormes, karibu na bahari. Alizunguka milimani na pwani akitafuta mimea, na mara nyingine alifuatana na Joseph Pitton de Tournefort, ambaye alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa mimea wa wakati ule.

3. Kuvuka bahari

Mwaka wa 1689 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alitaka kujua mimea ya visiwa vyake vya Antilles, huko Amerika. Alipewa kazi hiyo mganga mmoja wa Marseille aliyeitwa Surian, naye alihitaji mwenzake anayejua kuchora na kueleza. Plumier akachaguliwa. Aliyesaidia jambo hilo lifanikiwe alikuwa Michel Bégon, mtumishi mkubwa wa serikali aliyependa elimu. Tulikumbuke jina hilo, maana tutalikuta tena.

Siku zile safari kama hiyo haikuwa mchezo. Merikebu ilisukumwa na upepo tu. Maji ya kunywa yaliharibika katika mapipa. Watu wengi waliugua homa na kufa, ama baharini ama visiwani. Plumier alikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, tena mtu aliyezoea ukimya wa nyumba ya watawa. Hata hivyo alitii, akaenda.

Alikaa visiwani kama mwaka mmoja na nusu. Aliporudi, mfalme aliona kazi yake, akafurahi, akamfanya mtaalamu wake wa mimea. Mwaka wa 1693 kilitoka kitabu chake cha kwanza juu ya mimea ya Amerika, chenye picha 108. Mwaka huo huo alivuka bahari mara ya pili, na mwaka wa 1695 mara ya tatu. Alifika Martinique, Guadeloupe, kisiwa kikubwa ambamo leo imo nchi ya Haiti, na visiwa vingine.

Watoto, tusifiche jambo moja la huzuni. Visiwa vile, wakati huo, vilikuwa nchi ya utumwa. Waafrika wengi walilimishwa miwa kwa nguvu, na baadhi yao walikuwa wametekwa na kupakiwa melini katika pwani ya Kongo. Sheria ya mfalme ya mwaka wa 1685 iliwahesabu kama mali ya bwana wao. Plumier alisafiri kwa amri na kwa fedha za mfalme huyo huyo. Tukisoma habari za maua ya visiwa vile, tuwakumbuke na babu zetu waliolia huko.

4. Mimea isiyokubali kukaushwa

Katika visiwa vya Antilles ziko sehemu zenye mvua nyingi na msitu, na ziko sehemu kavu zenye mawe na jua kali. Katika sehemu hizo kavu ndimo zinamoota kaktusi.

Kaktusi nyingine husimama wima kama nguzo. Nyingine ina mapande mapana yaliyoungana, kama mpungate tunaoupanda uani. Nyingine hutambaa juu ya miti na mawe kama nyoka, na ua lake kubwa jeupe hufunguka usiku mmoja tu. Asubuhi limekwisha kunyauka. Nyingine ni ya mviringo kama chungu, na ikikomaa huota kichwani kitu kama kofia nyekundu. Iko pia moja ambayo mtu asiyejua hawezi kuitambua kuwa ni kaktusi, kwa sababu ina majani ya kweli kama mti wa kawaida, pamoja na miiba.

Mtaalamu wa mimea akitaka kuhifadhi mmea, huchukua tawi lenye jani na ua, akaliweka kati ya karatasi na kulibana mpaka likauke. Mmea uliokaushwa hivyo huweza kudumu miaka mia mbili au zaidi. Lakini kaktusi haikubali. Shina lake ni nene na limejaa maji. Ukilibana linaoza, likikauka linajikunja, wala mtu hawezi kujua lilikuwa na umbo gani.

Basi ilifaa nini? Kuchora. Plumier alikaa chini penye jua, akatazama, akachora. Alichora shina, akahesabu mbavu zake. Alichora miiba jinsi ilivyokusanyika. Alipasua ua na tunda, akachora yaliyomo ndani. Kando ya picha aliandika kwa Kilatini maelezo ya mmea. Kazi hiyo haipendi mtu mwenye haraka. Mchoraji akikosea mbavu moja, msomaji aliye mbali atadhani ni mmea mwingine.

Kati ya mimea yake ilikuwamo ile kaktusi yenye majani. Plumier aliipa jina la Pereskia, kwa heshima ya Peiresc, msomi wa kusini mwa Ufaransa aliyekufa mwaka wa 1637. Jina hilo linatumika mpaka leo.

5. Hasara ya baharini

Plumier alikuwa amekusanya pia mimea mingi iliyokubali kukaushwa. Alipanda milima kwa ajili yake, akavuka mito, akalala penye mbu. Mimea hiyo ilipakiwa katika merikebu kwenda Ufaransa. Merikebu ikazama, na mimea yote ikapotea baharini.

Fikirini uchungu wa mtu anayepoteza kazi ya namna hiyo. Mkulima akipoteza mavuno ya mwaka mmoja hulia. Huyu alipoteza mavuno ya safari.

Lakini michoro yake ilisalimika. Kile ambacho kalamu ilikifanya kwa subira, kitu baada ya kitu, ndicho kilichobaki. Plumier alipokufa aliacha vitabu 31 vilivyoandikwa kwa mkono, vyenye michoro ipatayo 6,000. Michoro kama 4,000 ni ya mimea. Mingine ni ya samaki, ndege, na wanyama wengine. Kazi hiyo yote ni ya mtu mmoja.

6. Majina ya shukrani

Mwaka wa 1703 Plumier alichapisha kitabu kingine, akaeleza ndani yake jamii za mimea zaidi ya 100 ambazo wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamezipanga bado. Kila jamii ilihitaji jina. Plumier angaliweza kutumia jina lake mwenyewe, na nani angalimzuia? Hakufanya hivyo. Alitumia majina ya watu wengine waliopenda na kusaidia elimu ya mimea.

Bégon, yule aliyemsaidia kupata safari ya kwanza, alipewa Begonia. Magnol, mwalimu wa mimea wa Montpellier, alipewa Magnolia. Fuchs, mganga wa Ujerumani aliyeandika juu ya mitishamba, alipewa Fuchsia. Mathias de l'Obel, mtu wa Lille, alipewa Lobelia.

Majina hayo si mageni kwetu. Begonia za porini huota katika misitu ya Kivu, penye kivuli na unyevu. Na mtu akipanda mlima Kahuzi mpaka juu, kwenye baridi na ukungu, atakuta lobelia kubwa zinazompita mtu kwa urefu. Plumier hakuja kwetu hata siku moja, lakini maneno aliyoyatunga tunayataja milimani kwetu.

Na yeye mwenyewe, je, alisahauliwa? La. Wengine walimpa alichokataa kujipa. Mti wa franjipani, wenye maua ya harufu nzuri ambao hupandwa mara nyingi katika viwanja vya makanisa, umeitwa Plumeria kwa heshima yake. Mwenye kujishusha alikwezwa, kama Injili inavyotufundisha.

7. Safari ya mwisho

Wakati ule homa ya vipindi, tunayoiita malaria, iliua watu wengi Ulaya pia. Dawa moja tu ilijulikana kuwa na nguvu juu yake: ganda la mti wa kwinini kutoka milima ya Peru. Wamisionari Wajesuiti walilieneza ganda hilo hata likaitwa unga wa Wajesuiti. Lakini wataalamu wa Ulaya hawakuujua mti wenyewe vizuri. Kwa sababu hiyo wafanya biashara wadanganyifu waliweza kuuza maganda ya miti mingine, na mgonjwa alikunywa unga usiofaa akafa.

Fagon, mganga wa mfalme, alitaka mtu wa kuaminika aende Peru, autazame mti huo, auchore, aueleze. Akamwomba Plumier.

Plumier alikuwa na umri wa miaka 58. Alikuwa amekwisha kuvuka bahari mara tatu. Mikononi mwake alikuwa na kitabu kikubwa juu ya makangaga ya Amerika, na kitabu hicho kilikuwa hakijatoka bado. Angaliweza kusema kwamba amechoka, na hakuna mtu ambaye angalimlaumu. Lakini alikubali. Alisafiri mpaka Hispania, akafika bandari ya Puerto de Santa María karibu na Cádiz, angoje merikebu.

Hakuipanda merikebu hiyo. Huko bandarini alishikwa na ugonjwa wa kifua, akafa tarehe 20 Novemba 1704. Kitabu chake cha makangaga kilitoka mwaka uliofuata, mwenyewe asikione.

8. Mbegu aliyoiacha

Mtu akisikia hivyo huweza kusema kwamba safari ya mwisho ilikuwa bure. Lakini wengine waliifuata njia ile ile. Baada ya miaka mingi mti wa kwinini ulijulikana, ukachorwa, ukapandwa katika nchi nyingi. Katika karne ya 20 ulipandwa hapa kwetu Kivu, ambapo milima na mvua viliufaa sana, na mjini Bukavu kikajengwa kiwanda cha kutengeneza kwinini kutoka kwenye ganda lake. Mti ambao Plumier alikufa akienda kuutafuta ulikuja kuota katika udongo wetu na kuponya watu wengi.

Michoro yake nayo ilizaa matunda. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea ya dunia, alizaliwa mwaka wa 1707, miaka mitatu baada ya kifo cha Plumier. Hakufika Antilles. Alipoandika kitabu chake kikubwa mwaka wa 1753, alitegemea kazi ya Plumier katika mimea mingi ya Amerika, na kaktusi zimo. Huko Uholanzi naye Burman alichapisha mamia ya michoro ya Plumier tangu mwaka wa 1755. Hivyo watu waliozaliwa baada yake walijifunza kwa macho yake.

9. Kaktusi nyumbani kwako

Siku hizi watu wa nchi nyingi hupenda kupanda kaktusi nyumbani ili kuipendeza baraza au dirisha. Nawe unaweza kufanya hivyo. Shika mambo haya.

Kwanza, ujue kaktusi ya kweli. Mnyaa, ule tunaoupanda kuwa ua wa nyumba, si kaktusi ingawa unafanana nayo. Ukiuvunja hutoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni huweza kupofusha. Kaktusi ya kweli ina vifundo vidogo kama pamba, na miiba hutoka hapo.

Pili, toboa kopo chini ili maji yapite. Tia vijiwe, kisha mchanga mwingi uliochanganywa na udongo kidogo. Kata kipande cha mpungate, ukiache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ukipande. Ukikipanda kibichi kitaoza.

Tatu, katika nchi ya mvua kama Hombo weka kopo chini ya ukingo wa paa, penye jua lakini mvua isipige. Mwagia maji udongo ukikauka tu. Kaktusi nyingi hufa kwa kupendwa mno kuliko kwa kusahauliwa.

Nne, Rhipsalis haifuati sheria hiyo. Ni mtoto wa msitu. Yataka kivuli, unyevu, na mboji ya majani makavu. Usikate matawi ya miti kwa ajili yake. Okota kipande kilichoanguka chini na upepo, kitaota.

Tano, usitupe mapande ya mpungate porini. Kila pande huota mizizi. Huko Laikipia, nchi ya Kenya, mpungate ulioletwa kuwa pambo umeenea malishoni na kuumiza vinywa vya ng'ombe na mbuzi kwa miiba yake.

Ukiisha kupanda, fanya kama Plumier: keti, tazama, chora. Hesabu mbavu. Andika siku ulipoona ua la kwanza. Hata mtoto wa shule, mwenye kalamu moja na daftari moja, aweza kuyaona maajabu ya Mungu ambayo wengine huyapita kila siku njiani.

Maswali

1. Rhipsalis inafananaje, na kwa nini ni mmea wa ajabu katika Afrika?
2. Waminimu waliweka nadhiri gani juu ya chakula?
3. Kwa nini ilifaa kuchora kaktusi kuliko kuikausha?
4. Ni nini kilichopotea baharini, na ni nini kilichobaki?
5. Plumier aliwapa nani majina ya mimea? Hilo latufundisha nini?
6. Plumier alikuwa akienda kutafuta mti gani alipokufa? Mti huo umewasaidiaje watu wa Kivu?
7. Chora mmea mmoja ulio karibu na shule, uandike chini yake mambo matano uliyoyaona.